Kabla Hujanunua Sensa ya Pili

Wadogo zangu, wale wa uchumba, marejesho ya vikoba na mawifi wakorofi mtanisamehe; zamu yenu ni toleo lijalo. Leo nawageukia wa magari. Mmeniandikia jambo moja kwa sauti nyingi, nami nimeona nikinyamaza mtaendelea kumalizia hela zenu kwenye maduka ya spea. Mmefunga geji ya hewa na mafuta. Imewaka, namba zinang'aa, marafiki wameipiga picha. Baada ya hapo ndipo vituko vikaanza: mara inadai injini ina njaa ya mafuta, mara inaonyesha vistari vitupu, mara inazima kila ukipiga stata. Fundi anasema sensa mbovu, kanunue nyingine. Umenunua. Vituko ni vilevile.

Basi tukae tuzungumze. Usinunue sensa ya pili kabla hujaelewa ya kwanza ilikuwa inakuambia nini. Sensa hizi zinakufa, sikatai, na nitawaambia zinakufaje. Lakini nikisoma malalamiko yenu, mengi ni ya nyaya na mabomba. Sensa mpya ukiifunga kwenye bomba linalovuja au athi mbovu, itakusomea uongo uleule kwa gharama mpya.

Nianze na wasioihitaji, ili waondoke mapema na fedha zao. Kama gari yako ni IST, Premio, au Forester isiyo na turbo, na injini haijaguswa tangu ishuke melini, geji hii haitakuongezea kitu zaidi ya wasiwasi. Kompyuta ya injini inarekebisha mafuta yenyewe bila kukuuliza. Weka plagi nzuri, mwaga oili kwa wakati, nunua matairi. Anayeihitaji ni yule aliyegusa njia ya hewa au ya mafuta: kaweka turbo kubwa, nozeli kubwa, ramani mpya kwenye kompyuta, au ana gari ya zamani ya kabureta na anataka kuichokonoa kwa akili. Huyo akiendesha bila geji anabahatisha. Mafuta yakipungua wakati turbo imejaa, injini inagonga, na pistoni za Subaru za injini za EJ zina sifa mbaya ya kuvunjika kingo pale zinapokaa pete. Kufungua injini kwa ajili hiyo ni gharama ambayo haifanani hata kidogo na bei ya geji.

Sasa inapima nini? Haipimi mafuta. Narudia, maana hapa ndipo wengi mnapopotelea: haipimi mafuta. Ncha ya sensa ina kauri ya zirkonia yenye hita yake ndani. Ile ya Bosch LSU 4.9, ambayo ndiyo iliyo kwenye geji nyingi za siku hizi, inapashwa mpaka kama nyuzi 780 za Selsiasi, kisha inanusa oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Ikikuta oksijeni imebaki nyingi, inahitimisha kwamba mafuta yalikuwa machache. Ikikuta imekwisha na kuna mafuta yasiyoungua, inahitimisha kwamba mafuta yalizidi. Ni kama mama mkwe anayekagua upishi wako kwa kunusa akiwa mlangoni: mara nyingi anapatia, lakini jirani akiunguza wali, utasemwa wewe.

Kwa hiyo chochote kinachoingiza oksijeni kwenye bomba kabla ya sensa, hata kama hakihusiani na mafuta, kitasomeka kama upungufu wa mafuta. Likamateni hilo, kwa sababu nusu ya barua zenu zinajibiwa hapo.

Kabla sijazijibu, niwatulize wenye hofu zisizo na sababu. Petroli safi inaungua sawasawa kwa uwiano wa 14.7 ya hewa kwa 1 ya mafuta, kwa uzito. Ukiwa unaendesha taratibu, namba itacheza huku na huku ya 14.7, tuseme kati ya 14.3 na 15, kwa sababu kompyuta inaongeza na kupunguza mafuta muda wote. Kucheza huko ni afya. Mdogo wangu uliyeniandikia kwamba yako inasoma 14.9 badala ya 14.7, ukauliza kama uiuze gari, tafadhali kalale. Asubuhi injini ikiwa ya baridi mchanganyiko unakuwa mzito, 12 au 13, na ndivyo unavyotakiwa. Ukikanyaga mafuta mpaka chini kwenye gari isiyo na turbo, tarajia kama 12.5 hadi 13. Kwenye turbo iliyojaa, watu wa kutuni hulenga eneo la 11 hadi 12, kwa sababu mafuta ya ziada yanapooza. Na ukiachia mafuta ghafla ukiteremka mlima, geji inaruka juu kabisa au inaonyesha vistari. Hapo kompyuta imefunga nozeli, bomba limejaa hewa tupu, sensa inasema kweli. Barua tano kama si zaidi zilikuwa za vistari hivyo vya mteremkoni. Hakuna ugonjwa.

Ugonjwa uko kwa kijana wa Forester ya turbo, aliyefungiwa geji Gerezani, na ambaye tayari ana sensa ya pili. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa inamsomea 16 mpaka 17. Akiingia barabarani na kukanyaga, namba zinarudi kwenye ubinadamu. Fundi amesema kompyuta imechanganyikiwa. Mdogo wangu, umeeleza vizuri kuliko fundi wako, na jibu limo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Ekzosi yako inavuja kabla ya sensa.

Moshi hautoki kwenye injini kama maji ya bomba, mfululizo. Unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo shinikizo ndani ya bomba linashuka chini ya lile la nje. Kwenye tundu dogo, gasketi iliyoungua au boliti iliyolegea, hewa ya nje inanyonywa ndani. Injini ikiwa taratibu moshi ni kidogo, kwa hiyo hewa hiyo ya kuibia inakuwa na uzito mkubwa kwenye kipimo. Ukikanyaga, moshi unakuwa mwingi na wenye nguvu, tundu linatema nje badala ya kunyonya, na kipimo kinakaribia ukweli. Mbaya ikiunguruma taratibu, nzuri ikikanyagwa: hiyo ni alama ya bomba, wala sensa haina hatia. Ukweli mchungu ni kwamba uvujaji wenyewe mara nyingi unatokana na ufungaji wa geji: bomba lilishushwa ili likachomelewe nati ya sensa, likarudishwa na gasketi ileile ya zamani.

Utaupataje? Asubuhi, bomba likiwa la baridi, andaa maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia. Mwenzako awashe injini, mwingine azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi tu, na iwe nje, si ndani ya gereji iliyofungwa. Pulizia kila maungio kuanzia kwenye injini hadi kwenye sensa, na usisahau mshono wa kuchomelea wa ile nati yenyewe. Panapotoa mapovu, ndipo. Ukiona alama nyeusi ya masizi kwenye maungio, hata sabuni huhitaji. Wenye ekzosi fupi zilizokatwa, sensa yenu ikiwa karibu na mdomo wa bomba, hewa inaweza kurudi ndani kupitia huko huko mdomoni. Dawa ni kuihamishia mbele.

Kuna ndugu wa tatizo hilo, na huyu ni mjanja zaidi. Silinda ikimisi, iwe plagi imechoka au koili inakufa, ile hewa na mafuta yake vinatoka bila kuungua. Mafuta yapo, tena mengi, unayanusa nyuma ya gari mpaka macho yanawasha. Lakini sensa inakutana na oksijeni yote ambayo haikutumika, na geji inapiga kelele kwamba mafuta ni machache. Mtu anaongeza mafuta. Plagi zinazidi kulowa. Injini inazidi kumisi, geji inazidi kulalamika, naye anazidi kuongeza. Nimeona gari imefikishwa mahali inatoa moshi mweusi huku geji ikidai ina njaa. Ukisikia mtetemo wa kumisi, acha kuisikiliza geji mpaka umalize mambo ya plagi na koili.

Ufungaji wenyewe sitaueleza wote. Kitabu kimo kwenye boksi, na pale kwenye dashibodi utakapoiweka ni juu ya macho yako. Nitasema yale ambayo mafundi wetu huyaruka. Sensa ikae sehemu ya juu ya bomba, ukilitazama kama saa basi kati ya saa 4 na saa 8 kwa saa zetu, ikiinama kwa juu, isilale na wala isitazame chini. Moshi una mvuke, na asubuhi bomba lina maji. Yakidondokea kauri iliyopashwa moto, inapasuka. Kwenye gari ya turbo ifungwe baada ya turbo, kwa mbali kidogo, kama sentimita 60 au zaidi, maana kabla ya turbo kuna joto na shinikizo la kuiharibu na kuipotosha. Lakini iwe kabla ya masega ya kusafishia moshi, kwa sababu masega yanabadilisha moshi wenyewe. Kama umekwisha kuyakata, hilo lako na mapafu ya majirani.

Kuchomelea ni hatari kuliko mnavyodhani. Bomba lishushwe kwenye gari. Ikishindikana kabisa, betri ichomolewe nyaya zote mbili, na kibanio cha athi cha mashine ya kuchomelea kikae palepale karibu na kazi, si kwenye bampa la nyuma. Umeme wa mashine ile ukipita kwenye mwili wa gari kutafuta njia, unaweza kuipitia kompyuta ya injini. Na mtu asithubutu kuchomelea nati huku sensa mpya imefungwa ndani "ili uzi usipinde". Atumie boliti yoyote ya uzi uleule, milimita 18 kwa hatua ya 1.5. Sensa yenyewe ibaki kwenye boksi lake mpaka bomba lipoe.

Umeme sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kichaka kinachowaficha wengi.

Geji inataka umeme unaowaka kwa ufunguo, wenye fyuzi yake, na usiokatika wakati wa kupiga stata. Ukiunga kwenye umeme wa moja kwa moja wa betri, hita inakula usiku kucha. Asubuhi unatafuta watu wa kusukuma. Ukiunga kwenye waya wa redio, gari nyingi hukata redio wakati wa stata, geji inazima na kuanza upya, na wengine mmeita huko "kufa na kufufuka". Hata waya ukiwa sahihi, betri iliyochoka inashusha volti wakati wa stata mpaka geji inajizima. Pima betri kabla hujalaumu kitu cha dola. Usiibe umeme kwenye waya wa koili au nozeli, una kelele. Njia safi ni rilei: waya mnene na fyuzi kutoka kwenye betri, na ule waya wa ufunguo ukifanya kazi ya kuamsha rilei tu.

Athi ndiyo mwizi mkubwa. Fundi anatafuta skurubu yoyote nyuma ya dashibodi, anafunga waya mweusi, geji inawaka, kazi imekwisha. Kuwaka si hoja. Skurubu hiyo inaweza kuwa inashikilia bati lililopakwa rangi, au inagawana njia na amplifaya ya muziki. Kijana mwenye laptopu ameniuliza kwa nini geji inamwonyesha 11.5 na laptopu inaandika 11.7, naye anatunia kwa kufuata laptopu. Hilo ni swali la mtu mwenye macho. Geji inapeleka kwenye kompyuta volti kati ya 0 na 5. Kwa geji za AEM X-Series, volti 0.5 ni 8.5 na volti 4.5 ni 18, maana yake kila volti 0.1 inayopotea au kuongezeka njiani inakuhamisha karibu 0.24 kwenye uwiano. Athi ya geji ikiwa sehemu moja na ya kompyuta ya injini sehemu nyingine, tofauti ya volti 0.1 kati yao ni kitu cha kawaida kabisa, na tayari umetunia uongo.

Pima hivi. Washa injini, washa taa kubwa, feni na AC. Weka testa kwenye volti ndogo za DC, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye athi ya geji. Unataka kuona sifuri au sehemu chache za mia za volti. Ukiona 0.1 na kuendelea, hamisha athi. Hamishia mahali inapofungwa athi ya kompyuta ya injini, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kwa kishikio kilichobanwa vizuri. Kama tofauti inabaki ileile popote unapokwenda, tazama kanuni uliyochagua kwenye programu ya laptopu. Geji ya Innovate MTX-L kwa kawaida inatoka 7.35 kwenye volti 0 mpaka 22.39 kwenye volti 5, haifanani na AEM, na mtu akichagua jina moja akafunga jingine, atapata namba zinazoshawishi na zisizo na ukweli.

Viungo vya kusokota na tepu nyeusi sivitaki hata kuvisikia. Kwa joto la Dar au Mombasa gundi ya tepu inayeyuka, waya unabaki uchi, na masika maji yanapanda. Lehemu, vika mpira wa kusinyaa kwa moto, pitisha waya kwenye mpira uliopo tayari kwenye ukuta wa injini. Ukitoboa tundu jipya bila mpira, bati litakata waya kwa mtikisiko, taratibu, na hitilafu itakuja siku unayopeleka mgonjwa.

Kiungio cha sensa kisikatwe. Nimeandika sentensi fupi ili ikumbukwe. Mafundi wanakikata kwa sababu hakipiti kwenye tundu, kisha wanaunganisha rangi kwa rangi na kujisifu. Ndani ya kiungio hicho kuna kipingamizi kidogo ambacho kiwandani kiliwekwa sawa na sensa ileile moja. Ukikitenga na sensa yake, umetupa upimaji wake wa kiwandani. Waya wake pia usifupishwe. Kunja uliozidi ufunge kwa kamba.

Nimeahidi kusema zinakufaje. Inakufa kwa kufungwa kwenye bomba ikiwa haina umeme: mtu kachomoa geji akapake rangi dashibodi, sensa imebaki kwenye moshi wiki nzima bila hita, masizi yameiziba. Inakufa kwa silikoni ya gasketi isiyo ya aina salama kwa sensa, kwa injini inayokula oili, kwa kulanti inayoingia kwenye silinda kupitia gasketi ya kichwa. Inakufa kwa kudondoshwa sakafuni, na haitaonyesha hata mkwaruzo. Inakufa kwa joto. Bosch inataka moshi unaoigusa muda wote usizidi nyuzi 930. Inakufa pia ukipita kwenye dimbwi la Jangwani na bomba likapigwa maji ghafla. Zamani risasi ya kwenye petroli ingeiua, lakini hiyo nchi zetu ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Na kuna zilizozaliwa zimekufa: sensa za bandia zenye jina la Bosch zipo madukani, na bei ya kutupa ni dalili tosha. Nunua kwa anayekubali kuandika risiti yenye namba ya kifaa.

Kuijaribu si kazi. Ifungue, iache ining'inie hewani mbali na vitu vinavyoungua, wala usiishike maana inachoma, washa ufunguo bila injini. Hewa ni oksijeni asilimia 20.9, hivyo geji inapaswa kwenda juu kabisa au kuonyesha vistari. Ikisoma 13 ikiwa hewani, hapo sawa, mna haki ya kusema sensa au waya wake. Ikisoma sahihi hewani na uongo kwenye bomba, rudi kwenye sabuni. Baadhi ya geji hutaka sensa ipimwe upya hewani kwanza, soma kitabu chako. Ukifanya hivyo fanyia nje kwenye upepo, si ndani ya gereji ambamo Canter inaunguruma.

Kaka wa Altezza uliyechomoa sensa ya kiwandani ukaweka hii ya geji, waidibendi, kwenye tundu lake ili ukwepe kuchomelea: ndiyo maana taa ya injini inawaka na mafuta yanakwisha haraka. Kompyuta ilikuwa inaitegemea ile. Irudishe, chomelea nati yake ya pili. Zipo geji zenye waya wa pili unaoweza kuigiza sensa ya zamani, lakini si kwa gari zote, na mimi sipendi kuidanganya kompyuta wakati nati ni kazi ya nusu saa.

Na wale wa "pshii" kila mkibadilisha gia, nawajua. Mmeweka vali inayotema hewa ya turbo nje, kwenye gari ambayo tayari imekwisha kuihesabu hewa hiyo pale kwenye chujio. Hewa imetupwa, mafuta yake yanaletwa vilevile, ndiyo maana geji inazama mpaka 10 kila mkibadilisha. Geji iko sawa. Rudisheni vali inayorejesha hewa ndani, au mvumilie plagi nyeusi. Najua mtachagua sauti.

Dada mmoja wa Nakuru ameniandikia kwamba fundi wa umeme alizungumza na mdogo wake wa kiume wakati gari ni yake na sensa kanunua yeye. Mpenzi, hilo geji haiwezi kulipima. Lakini nina mbinu: nenda na testa yako mkononi, na umwombe kwa upole, "Fundi, samahani, nionyeshe athi umeifunga wapi nipime." Usimwambie amekosea mbele ya wasaidizi wake, mtu akivunjiwa heshima atatetea skurubu mbovu mpaka magharibi. Mwache aone namba mwenyewe. Mkubaliane bei kabla, mwambie kwamba malipo ya mwisho ni baada ya kupima athi na sabuni, na kiungio kikikatwa sensa ni juu yake. Iandike hata kwenye simu.

Wa Mbeya unayevuka Songwe kwenda Malawi na geji ikakuonyesha 14.7 ileile wakati umeambiwa mafuta ya kule yana ethanoli, hujaibiwa. Malawi ilianza kuchanganya ethanoli ya miwa kwenye petroli mwaka 1982, na petroli yenye ethanoli asilimia 10 huungua sawasawa kwenye kama 14.1. Lakini geji haijui umeweka nini. Inachopima ni lamda, yaani umekaribia kiasi gani uunguaji kamili, ambapo kamili ni 1, halafu inazidisha kwa 14.7 ili kukufurahisha. Kama geji yako ina uwezo wa kuonyesha lamda, ibadilishe uizoee: 1 ukiwa mwendo wa kawaida, karibu 0.8 turbo ikiwa imejaa, mafuta ya Malawi au ya Kibaha.

Ambao bado mmekwama, niandikieni tena, ila msiniandikie "Dada, inasoma ovyo". Nitumieni aina ya gari na injini, umbali wa sensa kutoka kwenye turbo au kichwa cha injini, picha ya nati ilipochomelewa, na namba hizi: hewani, injini ikiwa ya moto bila kukanyagwa, na mwendo wa kilomita 80 kwenye tambarare. Ongeza volti za betri wakati wa stata na tofauti ya athi kwa testa. Kama geji inatoa herufi E na namba, iandikeni kama ilivyo, na mtaje kama ilitokea kabla au baada ya mvua. Waliokwisha kutupa sensa ya kwanza, itafuteni kwenye boksi la spana za fundi. Ijaribuni hewani kwanza.